Gesi Haiishi, Inavuja: Historia ya Tobo Lililofika Angani

Kuna sentensi utaisikia katika gereji yoyote ya Dar es Salaam joto likishaanza kukolea: "AC imeisha gesi hiyo, tuijaze." Unalipa, unapigwa na ubaridi mpaka unasahau foleni. Miezi miwili mitatu baadaye upo pale pale, kwa fundi yule yule, unaambiwa maneno yale yale. Imeisha tena.

Leo, wadau, nataka tuisimamie sentensi hiyo, maana ndani yake kuna uongo mdogo wenye historia ndefu sana. Gesi ya AC haiishi. Si petroli, haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaikandamiza, kondensa iliyoko mbele ya rejeta inaitoa joto mpaka inakuwa maji maji, kisha inapita kwenye valvu nyembamba na kuachiwa ndani ya kile kipoozeo kilichojificha nyuma ya dashibodi. Pale inachemka na kugeuka gesi tena, na ili ichemke inabidi inyonye joto kutoka kwenye hewa ya ndani ya gari. Hapo ndipo wewe unasema "aah, safi." Halafu inarudi kwenye kompresa, safari inaanza upya. Gesi ile ile, miaka nenda rudi.

Kwa hiyo kama imepungua sana, imetoka. Na kama imetoka, kuna mahali imetokea. Swali la kumuuliza fundi ni tobo liko wapi, na swali la bei ya kujaza linakuja baada ya hapo. Ajabu ni kwamba dunia nzima ilichukua zaidi ya nusu karne kulikwepa swali hilo, na gharama yake bado tunailipa. Twende taratibu.

Kabla ya miaka ya 1930 mashine za kupoozea zilitumia gesi za hatari: amonia, dioksidi ya salfa, kloridi ya methili. Zilipooza vizuri tu, lakini zikivuja ndani ya nyumba zinaua watu. Haikuwa hofu ya mezani. Mjini Berlin, katika miaka ya 1920, habari za familia iliyouawa usingizini na gesi ya friji iliyovuja ziliwagusa wanasayansi wawili, Albert Einstein na Leo Szilard. Naam, Einstein huyo huyo unayemfahamu. Wakakaa chini kubuni friji isiyo na pampu yenye sehemu zinazozunguka, kwa sababu waliona gesi inavuja pale penye sili na viungo vinavyosuguana. Wakapata hataza kadhaa, ikiwemo ya Marekani ya mwaka 1930. Angalia walivyofikiri: tatizo ni tobo, basi tuondoe mahali tobo linapozaliwa.

Friji yao haikuingia sokoni. Aliyeshinda ni Mmarekani mmoja, Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors ambaye mwaka 1921 alikuwa ameshagundua kwamba risasi ikichanganywa kwenye petroli inatuliza mlio wa injini. Mwaka 1928 yeye na wenzake wakaja na gesi mpya ya kaboni, klorini na florini. Haina harufu kali, haiwaki, haina sumu. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, Midgley aliivuta gesi hiyo kifuani kisha akaipulizia mshumaa, mshumaa ukazimika. Kwa pumzi moja tu kila aliyekuwapo akaelewa: haiui na haiungui. General Motors na DuPont wakaanzisha kampuni ya pamoja kuitengeneza, na jina la biashara likawa Freon. Ile iliyokuja kutumika kwenye magari ni Freon namba 12, mafundi wakaiita R-12.

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Midgley hakuziba tobo. Alitafuta gesi ambayo hata ikivuja hakuna wa kulalamika. Kwa wakati ule ilikuwa baraka kubwa na iliokoa maisha ya watu wengi. Lakini ndugu msomaji, kitu kikivuja bila kuuma mtu, nani atahangaika kukiziba?

Sasa tuingie kwenye gari. Novemba 1939 kampuni ya Packard ilionyesha mjini Chicago gari la kwanza kuuzwa likiwa na kiyoyozi cha kiwandani. Bei ya kiyoyozi peke yake ilikuwa dola 274, hela nyingi sana kipindi hicho. Mitambo ilikula nafasi kubwa ya buti. Na kompresa haikuwa na klachi, kwa hiyo ukitaka kuizima unasimamisha gari, unafungua boneti, unavua mkanda kwa mkono. Ikifika jioni yenye baridi, kazi unayo. Packard wakaachana nayo baada ya 1941. Chrysler wakarudi na kiyoyozi mwaka 1953, Nash wakafuata mwaka 1954 na mfumo mdogo uliokaa wote mbele ya gari, karibu na huu tulio nao leo. Kufikia 1969 zaidi ya nusu ya magari mapya Marekani yalikuwa na AC.

Hebu tujiulize jambo ambalo mafundi wengi hawakuelezi. Kwa nini friji ya nyumbani kwa bibi inafanya kazi miaka 20 bila kujazwa gesi, na AC ya gari inasumbua? Jibu ni la ujenzi. Kompresa ya friji imefungiwa pamoja na mota yake ndani ya chungu cha chuma kilichochomelewa, hakuna kinachotoka nje isipokuwa waya na mabomba. Kompresa ya gari inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo shafti lazima itokeze nje, na pale inapotokeza kuna sili ya kuzuia gesi. Injini inatikisika, kwa hiyo baadhi ya mabomba lazima yawe mipira inayopinda. Kila kiungo kina oringi yake. Valvu za kujazia ni ndugu wa ile valvu ya tairi. Kondensa iko mbele kabisa, inapokea kila kokoto la barabarani. Kwa maneno mengine, AC ya gari imezaliwa na sehemu kumi za kuvujia. Ile hofu ya Einstein na Szilard kuhusu sili na viungo imefungwa chini ya boneti yako.

Na kwa kuwa R-12 haikuuma mtu, Wamarekani wakaizoea kama tunavyozoea kujaza upepo. Gesi iliuzwa kwenye makopo madogo katika maduka ya vipuri na hata maduka makubwa ya kawaida, kwa bei ya kutupwa. Mzee wa familia ananunua kopo na mpira wake Jumamosi, anaijaza nyumbani nje ya banda la gari, maisha yanaendelea. Mwaka unaofuata hivyo hivyo. Mafundi walikuwa na taa maalumu ya kutafutia tobo, yenye moto unaogeuka kijani ukikutana na gesi hiyo. Kifaa kipo, lakini kopo ni rahisi kuliko kutafuta. Kufikia miaka ya 1980 viyoyozi vya magari ndivyo vilivyokuwa mlaji mkubwa kuliko wote wa R-12 nchini Marekani, na sehemu kubwa ya gesi hiyo haikuingia kwenye magari mapya. Ilikuwa ya kujazia yaliyovuja.

Ilikuwa inaenda wapi? Hakuna aliyeuliza kwa dhati mpaka miaka ya 1970. Mwingereza James Lovelock alipima gesi za jamii hii katika hewa ya bahari, mbali na viwanda, akazikuta. Mwaka 1974 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Mario Molina na Sherwood Rowland, wakaandika katika jarida la Nature kwamba ile sifa tuliyoisherehekea, ya gesi kutoungana na kitu chochote, ndiyo yenyewe balaa. Kwa kuwa haiharibiki huku chini, inapanda taratibu mpaka kwenye tabaka la ozoni, na huko jua kali linaivunja. Klorini inatoka. Chembe moja ya klorini inaweza kuharibu molekuli za ozoni kufika 100,000. R-12 inaishi hewani takriban miaka 100. Na ozoni ndiyo mwavuli wetu dhidi ya miale ya jua inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho.

Watengenezaji walibisha, kama ilivyo kawaida. Marekani ikapiga marufuku gesi hizi kwenye makopo ya kupulizia manukato na dawa mwaka 1978, lakini magari yakaachwa yaendelee kuvuja. Halafu Mei 1985 Waingereza watatu waliokuwa wakipima ozoni katika kituo cha Halley, Antaktika, yaani Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wakatangaza kwamba kila majira ya kuchipua ya huko ozoni ilikuwa inaporomoka vibaya. Dunia ikapata neno jipya: tobo la ozoni. Tobo dogo kwenye oringi ya gari limezaa tobo angani. Sijapata kuona mfano mzuri kuliko huo wa ule msemo wa wahenga wa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kilichofuata kina mkono wa kwetu, na napenda vijana tukijue. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lina makao yake Nairobi, na mkuu wake kuanzia 1975 hadi 1992 alikuwa Mmisri Mostafa Tolba, mtaalamu wa mimea. Huyu ndiye aliyewasukuma, akawabembeleza na kuwabana wakubwa mpaka tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikasainiwa. Hadi leo sekretarieti ya ozoni iko Nairobi. Mwaka 2009 ulipofika, kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ilikuwa imeridhia, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa mkataba wowote wa Umoja huo. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 mwanzoni mwa 1996, nchi zinazoendelea zikafikia ukomo mwaka 2010. Katikati hapo R-12 ikawa magendo. Marekani walikamata watu waliokuwa wanaiingiza kwa njia za panya, tena kupitia Miami. Gesi ya kupoozea gari ikawa mali ya walanguzi!

Magari yakahamia R-134a. Kufikia magari ya mwaka 1994 Marekani ilikuwa imeshahama. Haina klorini, haigusi ozoni. Hata midomo ya kujazia ilibadilishwa makusudi ili mtu asichanganye gesi mbili. Makopo yakarudi madukani. Tabia ikarudi vile vile: jaza, tumia, jaza.

Tatizo ni kwamba R-134a inashika joto la dunia zaidi ya mara 1,300 kuliko hewa ya ukaa, kilo kwa kilo. Nimekaa na kikokotoo. Gari dogo lina gesi kama gramu 500. Zikivuja zote, ni sawa na kuchoma karibu lita 300 za petroli. Yaani tangi sita au saba, bila kusogea hata mita moja. Ukijaza mara tatu kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe.

Safari hii dunia ilikuja kukutana Afrika Mashariki. Tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, baada ya kukesha, nchi zikakubaliana kupunguza gesi za jamii ya R-134a. Inaitwa Marekebisho ya Kigali, yakaanza kutumika 1 Januari 2019, na wanasayansi wanakadiria yanaweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo mwisho wa karne. Nchi tajiri zilianza kupunguza 2019; kundi la nchi zetu lilipangiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024 na kushuka kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Tolba alikuwa amefariki Machi mwaka huo huo wa 2016.

Ulaya walishatangulia: kuanzia 2017 magari yote mapya huko hayaruhusiwi kutumia R-134a. Wengi wamehamia R-1234yf, ambayo haishiki joto kabisa ukilinganisha na mwenzake, lakini ni ghali mara kadhaa na inaweza kushika moto. Mwaka 2012 Daimler walitangaza kwamba iliwaka katika majaribio yao, ukazuka mzozo mkubwa Ulaya. Hivyo tumezunguka: kutoka gesi inayoua, kwenda gesi inayotoboa anga, kwenda gesi inayochemsha dunia, kwenda gesi inayoweza kuwaka. Sisemi kubadili gesi hakukusaidia. Kumesaidia sana, ozoni ya Antaktika inatazamiwa kurudi ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo takriban 2066. Ninachosema ni kwamba kila mara tumebadili kilichomo ndani ya bomba, na bomba lenyewe tukaliacha livuje.

Sasa wewe na gari lako la mkononi kutoka Japani. Ufanye nini Jumamosi hii?

Kwanza, usikubali haraka kwamba ni gesi. Angalia fyuzi, angalia kama feni ya rejeta inazunguka, angalia kichujio cha hewa ya ndani kama hakijajaa vumbi. Sikiliza klachi ya kompresa: ukiwasha AC inatakiwa ipige "tak" na kushika. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, au isiposhika kabisa, yawezekana gesi ni kidogo na swichi ya presha inailinda kompresa isijiue. Maji yanayodondoka chini ya gari siyo tobo; huo ni unyevu wa hewa, na ni dalili kwamba inapooza.

Pili, tafuta mafuta. Ndani ya gesi kuna oili ya kulainisha kompresa, na gesi ikitoka inatoka nayo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chukua tochi upite kila kiungo. Pale utakapokuta vumbi limegandamana kwa unyevu wa oili, hapo pana kesi. Angalia uso wa kondensa, sehemu ya mbele ya kompresa karibu na klachi, maungio ya mipira, na valvu za kujazia. Vile vifuniko vya valvu ambavyo mafundi wanavitupa vina kazi yake, vitafute.

Tatu, povu la sabuni. Paka kwenye kila kiungo ungali umezima injini, subiri, tazama. Tobo kubwa litapuliza mapovu. Tobo dogo halitaonekana hivyo, hapo inatakiwa rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuani. Ukikosa kote, shuku kipoozeo cha nyuma ya dashibodi, na hapo mwombe fundi aingize kifaa cha kunusa gesi kwenye matundu ya hewa.

Ukilipata tobo, kazi ya nyumbani inaishia hapo. Kufungua kiungo chenye gesi ni kuiachia hewani, na inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikupata jichoni utajuta. Gesi iliyobaki ifyonzwe kwa mashine, oringi au sili ibadilishwe, kikaushio kibadilishwe mfumo ukikaa wazi, kisha vakyumu ivutwe kwa nusu saa au zaidi kutoa hewa na unyevu, na sindano ya geji itazamwe kama inatulia. Ikipanda, bado panavuja.

Kujaza kunakuja mwisho, na kuna sheria zake. Soma kibandiko chini ya boneti: kinakwambia aina ya gesi na gramu ngapi. Gesi ipimwe kwa mzani, maana geji ya kopo inaonyesha upande mmoja tu na inadanganya siku ya joto. Kama unajaza mwenyewe, ni upande wa presha ndogo tu, lile bomba nene. Ukichomeka kopo upande wa presha kubwa linaweza kupasuka mkononi. Vaa miwani na glovu, kaa pa wazi. Ukizidisha gesi, AC inapooza vibaya zaidi na kompresa inaumia. Zile dawa za kuziba tobo zinazouzwa ndani ya kopo zinaweza kuziba hata mahali ambapo hukutaka, ikiwemo mashine ya fundi atakayekuja baadaye. Na fundi akikwambia gesi ya kupikia ni ile ile tu, chukua ufunguo wako uondoke.

Nawajua mafundi wazuri, wapo, na wengi wanajaza tu kwa sababu sisi wenye magari tunataka ubaridi saa hii hii na hatutaki kulipia saa mbili za kutafuta. Hapo lawama ni ya kugawana. Kwa hiyo mara nyingine ukipeleka gari, kabla hujatoa hela, muulize fundi jambo moja: ilikuwa inavujia wapi? Akikuonyesha oringi ya zamani kiganjani, mlipe na umshukuru. Akikosa jibu, ujue umenunua miezi mitatu.

Wadau, mnasemaje? Kwenu wanaziba au wanajaza?